Gari ya chini, njia ya mawe: tulinde tumbo lake

Ukisimama jioni mbele ya geti la mugodi wowote kati ya Lubumbashi na Kolwezi, utaona gari za namna mbili zikitoka. Za kwanza ni Land Cruiser na pikapu za kampani, zenye miguu mirefu, zinapita juu ya mashimo bila kupunguza mwendo. Nyuma yake, pole pole, zinafuata gari za watu wenyewe: Mark X, Altezza, Verossa, Impreza moja moja yenye eshapema kubwa kama kopo la maziwa. Hizo zinatembea sawa mtu anayevuka matope na viatu vya arusi. Na mara kwa mara unasikia ile sauti, krrrr. Dereva anakunja uso, na watoto wa pembeni ya njia wanacheka: "Ona, mutoka inalamba bulongo!"

Sauti hiyo tumeizoea mpaka hatuisikii tena. Lakini kila krrrr haina bei moja. Kuna ile inayokwangua rangi tu, haidai hata franka. Na kuna ile ambayo haikulia hata kwa nguvu, ila siku tatu baadaye moteri imeshikana katikati ya njia. Moteri ya okazyo ni mishahara ya miezi. Minervali ya watoto imo ndani, na mama wa nyumba ndiye atauliza pesa zilikwenda wapi.

Wako watakaotuambia: njia zetu si za gari za namna hiyo, watu wanunue jeep, mambo yakwishe. Hatukubaliani nao. Jeep ina bei yake, na inakunywa. Tena mtu anayepita siku zake ndani ya shimo, kofia kichwani, ana haki ya kupenda gari anayoipenda. Neno letu ni lingine: kama umeipenda, ujue tumbo lake lilivyo, na ulilinde pahali panapoua, si pahali panapoonekana.

Inatoka wapi, na iko chini kiasi gani

Sehemu kubwa ya gari hizi zilitengenezwa kwa ajili ya Japani. Kule njia ni laini, na sheria ya ukaguzi inakubali gari ipite hata kama iko sentimita 9 tu juu ya bulongo. Kisha ilipandishwa meli, ikashuka Dar es Salaam, ikatembea karibu kilomita 2000 kupitia Zambia mpaka Kasumbalesa. Ikifika kwako, kwa macho ni mpya. Kwa tumbo, imeshaona mengi.

Mark X ikiwa tupu inaacha karibu sentimita 15 kati ya tumbo na njia. Toyota 86, ile ya michezo kabisa, karibu 13. Land Cruiser inapita 22. Usisahau neno "tupu". Weka watu watano, weka mufuko wa unga na bidon za maji nyuma, resori zenyewe zina miaka kumi na tano: sentimita tatu ao nne zinapotea bila mtu kuziona. Ile 15 imekuwa 11. Jiwe la ukubwa wa tofali lililolala katikati ya njia linatosha kuigusa.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalifikiri. Sisi tunatembea mukono wa kuume, na gari hizi zina volani upande huo huo wa kuume. Basi dereva anakaa pembeni ya njia, juu ya mufereji. Gurudumu lake la kuume analijua vizuri sana. La kushoto, na katikati ya gari, anabahatisha. Ndiyo maana madereva wengi wanagonga mugongo wa katikati ya njia wakiamini wameukwepa. Ukijua hivyo, jifunze kuongoza kwa gurudumu la kuume: lipeleke pahali unapotaka, na lingine litafuata kwa kipimo kile kile kila siku.

Kile kinachoua moteri

Tuingie chini. Mbele kabisa kuna parshoki. Ikikwanguka, ni huzuni ya macho tu. Nyuma yake kuna kifuniko cha plastiki. Wengi wanadhani ni cha kulinda moteri na mawe. Hapana. Kazi yake ni kuzuia maji na vumbi visirukie mikanda, na kuongoza hewa. Jiwe linakipasua kama karatasi. Lakini usikitupe, mikanda yako itakushukuru.

Juu ya plastiki hiyo iko karteri, lile bakuli linaloshika mafuta ya moteri. Hapo ndipo maisha yote ya gari yanapokaa. Kuna karteri za chuma chembamba na kuna za aluminiumu. Katika moteri nyingi za Toyota sehemu ya juu ni aluminiumu na bakuli la chini ni chuma. Kama haujui yako, chukua sumaku ndogo: ikishika ni chuma, isiposhika ni aluminiumu. Tofauti ni kubwa. Aluminiumu ikipigwa inapasuka, mafuta yanamwagika, unayaona chini, unasimama. Chuma kikipigwa kinabonyea, hakivuji, na wewe unamshukuru Mungu, unaendelea na safari.

Hapo ndipo kifo kinaanza. Ndani ya karteri kuna krepini, kichungio kidogo ambacho pompa inanyonyea mafuta. Mdomo wake unakaa karibu sana na sakafu ya karteri, ili unyonye mpaka tone la mwisho. Jiwe likipandisha sakafu ile, krepini inazibwa kama mtu anayenyonya maji kwa mrija huku amebandika mrija kwenye chini ya kopo. Mafuta yamejaa, lakini hayapandi. Na ukipima na joji, joji inakudanganya: bakuli limekuwa dogo, basi mafuta yanaonekana mengi kuliko jana. Unasema gari iko muzuri. Siku mbili, siku tatu, kila ukikanyaga nguvu taa nyekundu ya mafuta inamulika kidogo na kuzima. Kisha moteri inaanza kupiga tok-tok-tok. Kusineti zimekwisha, na mekanisiye anatingisha kichwa.

Nyuma ya karteri kuna vingine: bomba la eshapema, tuyo za breki, kebo ya frein à main, tanki ya esansi. Vyote vinaweza kuguswa. Eshapema ikitoboka, gari inalia tu, na majirani wanajua umefika. Tuyo ya breki ni jambo zito, lazima ichunguzwe kila vidanji. Lakini kama pesa ni za kitu kimoja tu, ziende kwenye karteri.

Sahani ya chuma, lakini si ya kabuleti

Dawa ya karteri inajulikana: sahani ya chini, ile ambayo garaji zinaita protège-carter. Katika miji yetu ya mugodi masudere si wachache, na toli ya kutengenezea haikosi. Shida ni kwamba tuna mikono ya mugodi. Tumezoea vitu vizito. Mtu anaomba sahani, sudere anamchagulia toli ya milimita 10 aliyoibakiza kwenye kazi ya tremi, anaisudere chini, na wote wawili wanafurahi.

Fanyeni hesabu. Sahani ya sentimita 80 kwa 60, ya chuma cha milimita 3, ina karibu kilo 11. Ya milimita 6, karibu 23. Ya milimita 10, karibu 38. Umepakia mtoto wa darasa la sita mbele ya gari, na hashuki hata siku moja. Resori za mbele zinalala, pua inashuka, na ile sahani uliyoiweka ili usigonge ndiyo sasa inagonga kila dodani. Milimita 2 mpaka 3 za chuma zinatosha gari ndogo. Ukipata aluminiumu ngumu ya milimita 4, sahani ya ukubwa ule ule inakuwa na kilo 5 na kidogo tu. Bei iko juu, lakini haishiki kutu.

Namna ya kuifunga ni ya maana kuliko unene wake. Sahani ishikwe kwenye chasi ao kwenye berso, lile fremu nene linalobeba moteri. Isishikwe hata kidogo kwenye karteri yenyewe: pigo lote litapita moja kwa moja mpaka kwenye kitu ulichotaka kukilinda. Kati ya sahani na karteri kuwe na nafasi ya vidole viwili, ili sahani ipate pahali pa kubonyea. Ncha ya mbele ikunjwe kwenda juu, kama ulimi wa koleo. Ncha ikibaki wazi inakamata jiwe ao kisiki na kung'oka yote, na vyuma ilivyofungwa. Vichwa vya bulo viingizwe ndani ao vifichwe nyuma ya mukunjo, juu ya kichwa kikikwanguliwa mara tatu hakuna ufunguo utakaokifungua tena.

Toboeni tundu la vidanji na tundu la filtri. Tumeona sahani nyingi ambazo fundi lazima azifungue zote ili kumwaga mafuta. Matokeo yake, siku ya tatu anachoka, anarudisha bulo mbili kati ya sita, na sahani inaning'inia. Toboeni pia matundu ya hewa upande wa nyuma, na ya kutoa matope. Bulongo nyekundu yetu ikijaa ndani ya sahani kipindi cha mvua, inakauka, inakuwa tofali, inashika joto na kuongeza kilo. Mara moja kwa mwezi, kati ya Novemba na Aprili, ioshwe.

Ni bulo, si kusudere. Sahani iliyosuderewa moja kwa moja kwenye gari haifunguki, na chuma cha chasi kinachoka pale kilipochomwa. Kama kuna kipande lazima kisuderewe kwenye gari, batri ifunguliwe kwanza, juu ya moto wa umeme unaweza kuunguza kompyuta ya moteri. Na hakuna moto karibu na tanki wala tuyo ya esansi.

Neno moja kwa wale wanaofanya kazi hiyo nyumbani siku ya mapumziko. Hakuna mchimbaji mwenye akili anayeingia chini ya paa ambayo haikuwekewa boisage. Lakini watu hao hao tunawaona Siku ya Mungu wamelala chini ya gari iliyosimama juu ya kriki peke yake, mtoto akipitisha funguo. Kriki ni ya kupandisha, si ya kushikilia. Weka chandelle, ao magogo manene yaliyolala vizuri, ao jante mbili zilizopangwa, na gurudumu lililotolewa lilazwe chini ya chasi. Tena mtoto akae mbali.

Mupira wa bande

Kuna dawa nyingine ya kwetu kabisa. Bande ya konvoya ikichakaa, inabaki mupira mugumu wenye nguo ndani, na mtu akikata kipande cha upana wa kiganja na kukifunga chini ya parshoki, kinafanya kazi mbili. Kinalamba chini mbele ya parshoki, basi kinakwanguka chenyewe. Na kikianza kukwaruza, dereva anasikia mapema kwamba mbele kuna kitu cha juu, kabla karteri haijafika. Ni sharubu za paka.

Kisiwekwe karibu na eshapema: mupira unaungua na kunuka, na unaweza kuwaka. Na tunazungumzia bande iliyouzwa na karatasi yake. Ile inayotoka usiku juu ya ukuta, gazeti halina habari nayo.

Kuipandisha kidogo

Wengi wanakwenda kununua amortisere mpya wakitumaini gari itapanda. Haipandi, ao inapanda kidogo sana. Amortisere kazi yake ni kutuliza mitikisiko. Anayebeba uzito ni resori. Resori zilizochoka zikibadilishwa na zenye urefu wake wa kiwanda, gari inarudisha ile sentimita mbili ao tatu iliyopoteza kwa miaka. Tungeanza na hapo kabla ya vyote.

Baada ya hapo ziko kale, vile vipande vinavyowekwa kichwani mwa resori. Sentimita mbili, hata tatu, gari inavumilia. Ukipita hapo unapinda mikono ya chini, rotile na kardani zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikuumbiwa, na unaanza kununua mapyese kila mwezi. Kila kale ikiingia, paralelisme ifanywe upya, la sivyo mipira inalika upande mmoja.

Mipira yenyewe inasaidia. Mtu mwenye 215/60 R16 akiweka 215/65 R16, tumbo linapanda karibu sentimita moja. Kwanza hakikisha haigusi ndani ya mbawa ukikata kona ukiwa umepakia. Na ujue kompta itasema 60 wakati wewe unatembea karibu 62. Sentimita moja ni kidogo, lakini inawekwa juu ya ile ya resori na ile ya kale. Vijana wanaofanya kinyume, wanaweka jante za 18 na mipira myembamba, hawashushi gari sana. Wanachopoteza ni mto wa hewa kati ya jante na shimo. Na wale wanaokata resori ili gari ikae chini zaidi, hao tumeshindwa kuwaelewa. Kwenye goudron ya katikati ya mji inapendeza. Njia ya kwenda kartie inaanza pale goudron inapokwishia.

Mukono wa dereva

Malori yanayobeba madini na asidi yanachimba mifereji miwili kwenye njia isiyo na goudron, na katikati panabaki mugongo. Gari ndogo ikifuata mifereji hiyo, mugongo unapita chini ya tumbo kama musumeno. Toka ndani ya mifereji. Panda na magurudumu ya upande mmoja juu ya mugongo, ya upande mwingine pembeni ya njia. Gari inalala kidogo, abiria wanalalamika, lakini tumbo liko hewani.

Jiwe dogo, lipandishe gurudumu pole pole; usilipitishe katikati ukidhani litatosha. Jiwe kubwa, zunguka ao ushuke ulitoe, na ulitupe mbali ili nyuma yako asiligonge mwingine.

Dodani ina siri yake. Wengi wanafunga breki mpaka juu yake. Breki inainamisha pua, basi unafika kwenye mlima mdogo ukiwa umepiga magoti. Funga breki mapema, kisha achia kabla gurudumu halijaanza kupanda. Pua inainuka, unapita. Kama dodani ni ndefu ya kwenda juu, iingie kwa pembeni, gurudumu moja moja. Na mwendo: pigo la kilomita 60 kwa saa lina nguvu mara tisa kuliko la 20. Si mara tatu.

Njia ya kupandisha gari isiyolipwa ni kuwaambia watu washuke. Watu wanne wakitembea hatua hamsini, gari inapanda sentimita mbili ao tatu. Mama mkwe peke yake abaki.

Ikiwa imeshagonga

Umesikia mupigo, si mukwaruzo. Usingoje kufika nyumbani. Simama pahali pa sawa, zima moteri, ngoja kidogo, inama uangalie. Mafuta yakidondoka, safari imekwisha, gari ivutwe. Kama ni tanki ya esansi inatoa tone, kipande cha sabuni ya kufulia kikikandwa kwenye ufa kinazuia mpaka garaji, juu esansi haiyeyushi sabuni. Sigara iwe mbali. Kwenye karteri sabuni haisaidii, mafuta ya moto yanaiyeyusha.

Hakuna kinachovuja? Bado. Lala chini, pitisha mukono kwenye karteri ikiwa imepoa, utafute kibonyeo. Ukikipata hata kidogo chini ya krepini, karteri ishushwe iangaliwe. Bakuli la chuma mutu wa toli anaweza kulinyoosha, likiwa limetolewa na kuoshwa, mradi ukingo wake ubaki sawasawa ili silikoni ishike. Ni kazi ya siku moja. Na taa nyekundu ikiwaka ukiwa njiani, haisemi kwamba mafuta yamepungua kidogo, inasema hayapandi. Zima hapo hapo, hata kama uko kwenye peaje na nyuma wanapiga honi.

Mwenye kununua sasa, Kasumbalesa ao kwenye parking za Lubumbashi, achukue karatoni, alale chini kabla ya kuhesabu pesa. Tumbo lililopakwa rangi nyeusi mbichi kutoka mbele mpaka nyuma linaficha kitu. Muuzaji atasema ni ya kuzuia kutu. Sawa, lakini pitisha mukono chini ya karteri, na uombe moteri iwashwe mpaka ipate moto, ukiangalia ile taa.